Matsudaira Tsuneo hakubebwa na ukoo

Ukisikia kwamba Matsudaira Tsuneo, balozi wa Japani mjini Washington na kisha London, alikuwa mtoto wa mtawala wa Aizu, jimbo la kikabaila la Japani ya zamani, ni rahisi kudhani alizaliwa njia ikiwa imeshafyekwa. Sivyo hata kidogo. Baba yake, Katamori, ndiye aliyeshindwa katika vita vya 1868 dhidi ya majeshi ya Mfalme, na watu wa Aizu wakaitwa maadui wa Mfalme. Tsuneo alizaliwa 1877, doa hilo likiwa bado bichi. Utumishi wa kibalozi aliuingia kwa mtihani, mwaka 1902.

Wengine humpa cheo cha ukabaila. Hakuwa nacho, cheo kilikuwa kwa mdogo wake, Morio, na kisheria Tsuneo alihesabiwa raia wa kawaida. Mwaka 1928, binti yake Setsuko alipoposwa na Mwanamfalme Chichibu, mdogo wake Mfalme Hirohito, ilibidi kwanza aandikishwe kama mtoto wa Morio, baba yake mdogo. Hata maandishi ya jina lake yalibadilishwa, kwa kuwa yalifanana na ya mama mkwe. Jina likabaki Setsuko, ila herufi moja ilitoka Ise, penye hekalu kuu la ukoo wa kifalme, na nyingine Aizu. Miaka 60 baada ya vita, Aizu ikaandikwa ndani ya jina la mke wa mwanamfalme! Mimi jambo hili hunigusa kuliko mikataba yote.

Dhana inayoniudhi ni kwamba mwaka 1930 kule London, kwenye mkutano wa kuwekea mipaka meli za kivita, wajumbe wa Japani waliiuza nchi yao. Jeshi la majini lilitaka asilimia 70 ya nguvu za Marekani. Matsudaira, mmoja wa wajumbe, alikaa na Seneta David Reed wa Marekani wakapata njia: kwa manowari nzito Japani ingepata tani 108,400 dhidi ya 180,000 za Marekani, yaani asilimia 60, lakini Marekani ingechelewesha meli zake 3 za mwisho. Kwa jumla Japani ilipata asilimia 69.75, na kwa nyambizi zikalingana, tani 52,700 kila upande. Huko ni kuuza nchi? Hata hivyo, Novemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Hamaguchi, aliyeutetea mkataba huo, alipigwa risasi katika stesheni ya Tokyo.

Matsudaira naye, mtoto wa "adui wa Mfalme", alikuwa waziri wa nyumba ya kifalme kuanzia 1936, akajiuzulu 1945 baada ya kasri kuungua.