"Kisurealisti" si jina jingine la "sikuelewa"

Taa za ukumbi zikishawashwa baada ya filamu ya aina ile, watazamaji hugawanyika hata kabla hawajafika mlangoni. Huyu anasema amepotezewa saa mbili za maisha yake. Yule anasema ameona kitu ambacho hajawahi kukiona, lakini akiulizwa ni kitu gani anashindwa kukieleza. Kisha anatokea wa tatu, mtu wa nia njema, anataka kuwapatanisha: "Jamani, filamu yenyewe ni ya kisurealisti." Anamaanisha kwamba haieleweki, na kwamba ilitengenezwa isieleweke, basi yaishe. Na kweli yanaisha. Nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nyingi mno, na kila mara naona limetwishwa mzigo usio wake.

Usurealisti ni mkondo wa sanaa uliochipuka Paris katika miaka ya 1920. Wasanii wake walitaka picha na maneno yatoke kule kule zinakotoka ndoto, bila akili kukaa njiani ikichagua kipi kipite na kipi kizuiwe. Maana ni hiyo tu. Tatizo limo ndani ya jina.

Jina lilibuniwa mwaka 1917 na mshairi Guillaume Apollinaire, na mfano alioutumia kulieleza bado naona haujapata mpinzani: binadamu alipotaka kuiga mwendo wa mguu, aliunda gurudumu, kitu kisichofanana na mguu hata kidogo. Lione gurudumu hilo vizuri. Linabeba mzigo, linafika, linafanya kazi ya mguu kuliko mguu wenyewe. Kutofanana na mguu hakukulifanya liwe la uongo. Apollinaire alifariki mwaka 1918, na mwaka 1924 André Breton, kijana aliyesomea udaktari na kuwahudumia askari waliochanganyikiwa kwa vita, alilichukua neno hilo akaliandikia ilani.

Sasa tazama kile kipande cha mbele, "sur". Wengi wanakitafsiri kana kwamba ni kikanushi: "isiyo halisi", "kinyume cha uhalisia". Sivyo. Kwa Kifaransa maana yake ni juu, kuzidi, kupita. Hata "juu ya uhalisia" inatupotosha kidogo, kwa sababu kwetu "juu ya" ni "kuhusu" pia. Mimi ningesema uhalisia uliozidi. Breton aliamini kwamba ndoto na maisha ya mtu aliye macho, mambo mawili yanayoonekana kupingana, yangekutana siku moja yakawa uhalisia mmoja kamili. Kwa hiyo uhalisia hauondolewi. Unaongezewa nusu yake ya usiku. Hata Kiswahili kinatusaidia hapa bila kuombwa: mtu huota akilala, na mbegu huota ardhini, na katika yote mawili kitu kinajitokeza chenyewe.

Ndiyo maana filamu za mkondo huu hazijajaa majini wala dunia za kubuni. Zimejaa vitu vya kawaida kabisa. Chukua Un Chien Andalou ya mwaka 1929, ya mwongozaji Luis Buñuel na mchoraji Salvador Dalí. Jina ni "Mbwa wa Andalusia", na ndani hamna mbwa wala Andalusia. Inafunguliwa kwa maneno ambayo kwetu ni "Hapo zamani za kale", ukakaa mkao wa ngano. Mwanamume ananoa wembe. Anatoka roshanini, wingu jembamba linapita mbele ya mwezi, na wembe unapita kwenye jicho la mwanamke. (Jicho lililokatwa lilikuwa la ndama.) Kisha maandishi: "Miaka minane baadaye." Baadaye tena: "Karibu saa tisa usiku." Halafu: "Miaka kumi na sita kabla." Kila andiko linaahidi mpangilio, na hakuna hata moja linalopanga chochote. Katika ndoto ndivyo tunavyojua saa: kwa uhakika mkubwa, na bila faida yoyote.

Watengenezaji walikuwa na sharti moja, kwamba picha yoyote inayoelezeka kwa akili wasiipokee. Sharti hilo ndilo linaloniudhi likisahauliwa, maana hapo ndipo ubishi wa watazamaji unapopotea njia. Kwenye kitendawili, anayetega analo jibu tangu alipofungua kinywa. Ukishindwa, unampa mji, naye anakuambia. Filamu za istiara ziko hivyo: punda ni fulani, mlango ni kifo, tafuta utapata. Mtazamaji anayelalamika anaona ametegwa kitendawili kibovu, hivyo anagoma kutoa mji. Anayesifu anaudai mji huo kwa niaba ya mwongozaji, na kumwambia mwenzake hana kina. Lakini hakuna aliyetega. Katika filamu ile ile kuna mwanamume anayevuta kamba, na kamba zinaburuta mapadri wawili na piano mbili zenye mizoga ya punda juu yake. Watu wameandika mengi kuhusu punda wale. Ukitazama tu, unaona mgongo uliopinda, mwili unaoyumba, na uzito usio na sababu ambao wewe mwenyewe umewahi kuuvuta usingizini.

Tusiuchanganye usurealisti pia na ubwege, mkondo mwingine wa sanaa. Kazi ya kibwege inasema dunia haina maana, na mara nyingi inasema hivyo kwa akili iliyo macho kabisa. Wasurealisti hawakusema hivyo. Waliamini maana imejaa tele, ila iko mahali ambapo maelezo hayafiki.

Haya yote hayamnyimi mtu haki ya kuichukia filamu. Inaweza kuwa ya kisurealisti na bado iwe mbovu, picha zake zimechoka, ndoto zake za kuazima. Inaweza pia kuwa ngumu kueleweka kwa sababu imehaririwa vibaya, na huo si usurealisti hata kidogo.

Kwa hiyo ndugu mpatanishi wa mlangoni, kama picha zilikuja kwa mpangilio wa ndoto, sema ni ya kisurealisti, nami nitakuunga mkono. Kama ilikuwa na jibu ambalo hatukulipata, iite fumbo. Na kama hukuelewa, "sikuelewa" linatosha.