Njegere ya mviringo inaweza kubeba mkunjo

Katika kazi yangu ya kuzalisha mbegu, swali hili hunijia mara kwa mara: "Nimepanda njegere za mviringo tupu, mbona nimevuna na zilizokunjamana?" Mbegu haikuharibika. Ilibeba jeni mbili za umbo, na moja ilijificha.

Jeni moja hutoka kwenye chavua, nyingine kwenye yai la ua. Ya mviringo tuiite R, ya mkunjo r. Mbegu za RR na Rr zote huwa mviringo. Ni rr peke yake inayokunjamana. R huitwa jeni tawala, na wengi hudhani maana yake imeenea zaidi. Sivyo. R huwezesha kutengenezwa kwa kimeng'enya cha kujenga wanga, na nakala moja nzima inatosha. Mbegu ya rr hukikosa, sukari ikalimbikizana na kuvuta maji, na mbegu inapokauka husinyaa.

Ukichavusha Rr kwa Rr, tarajia robo RR, nusu Rr, robo rr. Gregor Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwa kutumia njegere, katika andiko lake la 1866, alihesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana. Mimi huvutiwa zaidi na hatua yake iliyofuata. Mimea 565 iliyotokana na zile za mviringo aliiacha ijichavushe: 193 ilizaa mviringo tupu, 372 ikazaa mchanganyiko. Yaani takriban theluthi mbili ilikuwa na r, na kwa macho huwezi kuitambua.

Uwiano huo wa mviringo tatu kwa mkunjo mmoja ni wa mbegu nyingi. Ganda lenye mbegu nne hutoa tatu kwa moja kamili kwa uwezekano wa asilimia 42 tu.

Ili kuujua mmea wako wa mviringo, peleka chavua yake kwenye ua la mmea wa rr. Ukiwa RR, mbegu zote zitakuwa mviringo. Ukiwa Rr, kila mbegu ina nusu ya uwezekano wa kukunjamana, kwa hiyo mbegu saba za mviringo mfululizo zingetokea mara 1 tu kati ya 128. Mimi napenda kufika kumi. Ila stameni (sehemu zinazotoa chavua) za ua la rr zing'olewe likiwa bado tumba, kwa sababu njegere hujichavusha kabla ua halijafunguka. Ukichelewa utavuna mikunjo ya mama mwenyewe, nawe utatupa mmea safi.