Ami, nipe ule mrefu

Nina nasari ya miche hapa Malindi, na nimechoka na hii "ami, nipe ule mrefu". Juzi tena kaja mtu na tuktuk, ana shamba upande wa Gede, ataka miembe. Kapita miche yangu ya embe la apple ya kubebesha, yaani kikonyo cha mwembe mzuri kimeunganishwa juu ya shina la mwembe mwingine, mifupi, shina nene, majani ya kijani kiza, kaenda moja kwa moja kwa ile niliyoisogeza ukutani nije niitupe. Kisa yamfika kiunoni. Namwambia hiyo imepitwa na wakati, anitazama kana kwamba naificha nimuuzie jirani yake.

Basi naandika mara moja hapa nipate pa kuwatuma watu.

Mwembe hushuka kwanza ndio upande. Mzizi mkuu ukifika chini ya tyubu, kile kifuko cha plastiki cha mche, una njia mbili tu. Ya kwanza hujizungusha, ukichana tyubu wakuta mizizi imejiviringa kama tambi kwenye bakuli, na ukiupanda hivyo huendelea kujiviringa humohumo mpaka shina likinenepa mti wajinyonga wenyewe, kusi ikivuma walala chini, mwenye shamba asema ni mchwa. Ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi. Mzizi hutoboa tyubu ukaingia ardhini, na hapo mche hupaa kwa sababu hautegemei tena kile kiudongo cha tyubu, unakula nasari yangu yote. Wapendeza ajabu! Siku ya kuuzwa unavutwa, mzizi wakatika, unapanda tuktuk na majani ya kiunoni na mzizi wa kiganjani. Wiki mbili tatu umekauka, na aliyekuuzia ndiye mwizi.

Dawa yake kila mwenye nasari aijua: unainua tyubu mojamoja, unakata mizizi iliyochungulia, unasogeza, baada ya wiki chache unarudia. Ni kazi ya mgongo, ina mshahara wa kijana, na matokeo yake ni mche MFUPI. Yaani namlipa mtu ili mali yangu ionekane mbovu kuliko ya yule wa barabarani ambaye hajagusa miche yake tangu aipange. Halafu mwauliza mbona nasari za watu binafsi zafungwa.

Kuna mengine, sawa. Zamani hoteli na nyumba za Wataliano ndizo zilizotulisha, bogenvilia zatoka kwa lori, Korona ya 2020 ikakata hiyo. Sa hii kuna miche ya bure. Serikali yataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, mimi sina ugomvi, mwarobaini na mvinje pandeni. Lakini likizo ya kupanda miti ilikuwa tarehe 13 Novemba 2023, na huku kwetu mvua ya kutegemewa ni ya mwaka, Aprili mpaka Juni. Mwaka ule El Nino iliwabeba. Mwaka wa kawaida vuli ikikuruka waingia kaskazi na jua la Januari, nani atamwagia? Na miradi hii hununua kwa futi, fomu ikisema futi mbili ni futi mbili, hakuna anayepindua tyubu. Mwenzangu mmoja aliotesha oda nzima ya mradi, gari halikuja msimu ule, miche ikakaa, ikarefuka, ikatoboa. Akafunga. Ile miche iliishia barabarani kwa bei ya kutupa, na waliochukua bila shaka waliusifu urefu.

Sasa, nisijifanye najua yote. Wataalamu wasema mzizi uliojiviringa ni kifo, lakini kuna mwarobaini niliouona umepandwa umejisokota hivyo na leo watu wacheza bao kivulini mwake. Mwembe nao, ukikata sentimita mbili tatu za chini ya tyubu kabla ya kupanda, mwengine hupona mwengine hufa, udongo huohuo, maji hayohayo, na sababu siwezi kukupa. Shina la chini nalo mara nyingi ni kokwa za kienyeji tulizookota sokoni, kila moja na tabia yake, kwa hiyo hata vikonyo vyote vitoke mti mmoja miche haitakwenda sawa. Anayekuahidi yote itafanana, mwogope.

Ah, na nyie mnaorudi baada ya miaka mitatu, "uliniuzia dodo, si apple". Mbuzi kala juu, chini ya kovu la kubebesha kukachipua lile shina la kienyeji, mkafurahi mwembe umefufuka. Huo si mwembe wangu tena! Kata kila kinachoota chini ya kovu, kila kitu, hata kama kina afya. Hasa kama kina afya.

Kilichobakisha nasari yangu ni asumini za maharusi, ndimu, na hiyo apple, ambayo yasemekana imezaliwa hapahapa Malindi na bado watu waagiza miche yake bara. Mche wa bara haujawahi kuonja kisima cha huku. Mimi namwagia maji ya chumvi kidogokidogo tangu mdogo, unaokataa ukatae mikononi mwangu. Mnazi na mvinje haijali sana, mwembe hulalamika, ndimu hununa, parachichi ndio kabisa, majani huungua ncha mpaka mti ukabaki fimbo. Kwa hiyo anayetaka parachichi karibu na bahari aje kwanza na chupa ya maji ya kisima chake, niyaonje, ndio tuzungumze bei.