Ukali wa pilipili ni nini, na unakaa wapi?

Ukali wa pilipili si ladha kama chumvi au sukari. Ni hisia ya kuungua inayoletwa na kemikali iitwayo kapsaisini. Kemikali hiyo huamsha neva zilezile zinazotuambia kitu ni cha moto, ndiyo maana mdomo unawaka ingawa hakuna kilichoungua.

Wengi husema ukali uko kwenye mbegu. Sivyo. Pasua pilipili kwa urefu uangalie ule utando mweupe unaoshikilia mbegu, mnene zaidi karibu na kikonyo. Kapsaisini hutengenezwa humo, na mbegu huambukizwa tu kwa kugusana nao. Ukitaka harufu ya pilipili bila moto mwingi, kwangua utando huo kwa ncha ya kisu. Ukitia pilipili nzima mchuzini, hakikisha haipasuki: itanukia vizuri bila kumwaga ukali wake wote.

Kipimo cha ukali kilibuniwa mwaka 1912 na mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville. Kwa kipimo hicho pilipili hoho ni 0, jalapeño (aina ya pilipili ya Meksiko) hucheza kati ya 2,500 na 8,000, na habanero, aina kali zaidi, huanzia kama 100,000. Usizitegemee sana namba hizi jikoni. Pilipili mbili za mti mmoja zinaweza kutofautiana kabisa, na mmea uliokosa maji mara nyingi huzaa kali zaidi. Kabla ya kupika, kata kipande chembamba karibu na kikonyo ukionje; nchani hudanganya, kwa kuwa huko ukali ni mdogo.

Sokoni chagua yenye ngozi ngumu inayong'aa na kikonyo cha kijani kibichi. Iliyosinyaa au yenye madoa laini, iache. Nyekundu imeiva, ina utamu kidogo. Ya kijani ina ladha ya majani, na si lazima iwe na ukali mdogo.

Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, wala haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kwa hiyo pilipili iliyokaangwa mwanzoni pamoja na kitunguu husambaza ukali sufuria nzima, na hakuna namna ya kuutoa tena. Kwa sababu hiyohiyo, aliyezidiwa apewe maziwa au mtindi badala ya maji. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni, au ipakwe mafuta ya kupikia kwanza kisha sabuni, kabla hujagusa macho.