Si kila pikapu ya shamba inahitaji 4x4

Mvua za Novemba zikikaribia, hapa Njombe huanza kuja gereji watu walionunua mashamba ya parachichi, miti au viazi, na sasa wanatafuta pikapu. Wananiomba niikague kabla hawajalipa. Swali la kwanza ni lile lile: "Fundi, ina fowili?" Yaani ni 4x4, inayovuta magurudumu yote manne? Hali ya chesisi hawaulizi, springi hawaulizi, kuinama kutazama matairi ndiyo kabisa. Nikiwaambia hii ni 4x2 lakini ni nzima, wengine wanaondoka hapo hapo kwenda kukopa mamilioni ya kuongezea, wapate 4x4 iliyochoka kuliko ile waliyoiacha. Nimelieleza jambo hili kwa mdomo mpaka nimechoka. Naliandika ili anayekwenda kununua alisome kabla hajatoa hela.

"Gari ya shamba lazima iwe 4x4"

Kati ya kauli ninazozisikia gereji, hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana inamtia mtu hasara huku akiamini amefanya la busara.

Tuanze na kinachotokea chini ya gari. Pikapu ya 4x2 inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Difu iliyo katikati yake, yaani meno yanayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, imetengenezwa ili gurudumu la kulia na la kushoto yaweze kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona. Ubaya wa difu ya kawaida ni kwamba haiwezi kulipa gurudumu moja nguvu kubwa na kulinyima la pili. La kushoto likiingia kwenye utelezi na kuanza kuzunguka bure, la kulia lililo pakavu nalo linakosa nguvu, gari inasimama. Sasa chukua 4x4 ya kawaida: umeongeza difu ya mbele yenye tabia ile ile. Moja la mbele likizunguka bure na moja la nyuma likizunguka bure, umekwama. Njia zetu za mashambani zimejaa mitaro inayokatisha barabara kwa mshazari. Ukiivuka vibaya, gurudumu la mbele la upande mmoja linaachia ardhi pamoja na la nyuma la upande wa pili, na hapo 4x4 inanguruma tu bila kusogea.

Kwa hiyo nikiambiwa nichague kati ya 4x4 yenye difu za kawaida na 4x2 ndefu kwenda juu yenye difuloki ya nyuma, kwa shamba la kawaida nachukua ya pili bila kufikiri mara mbili. Difuloki inayafunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kama kitu kimoja. Moja likikosa mshiko, nguvu inabaki kwa lingine. Ziko Hilux za 4x2 zilizonyanyuliwa kiwandani zikawa na kimo cha 4x4, na baadhi yake huja na difuloki tayari. Watu wanazipita sokoni kwa sababu ubavuni hazina stika ya 4x4. Halafu ukiangalia mahali gari inapokwamia hasa, mara nyingi ni tumbo: difu au chesisi imekalia tuta la katikati ya njia, magurudumu yananing'inia kwenye mifereji ya matairi ya malori. Hapo kimo ndicho kingekuokoa.

Na matairi. Tope letu hapa ni mfinyanzi mwekundu. Kashata (vile vinundu vya tairi) zikiisha, linajaa kwenye tairi na unabaki unateleza juu ya tope lako mwenyewe. Msimu uliopita trekta ilinivutia Hilux ya 4x4, mwenyewe akilalamika kwamba mbele haivuti. Niliinama kwenye habu ya gurudumu la mbele: kile kidude cha kuzungusha kwa mkono, kinachounganisha gurudumu na difu ya mbele, kilikuwa kimeelekea FREE (achia), kimeganda kwa kutu, udongo umekauka ndani ya herufi. Upande wa pili hivyo hivyo. Dereva alikuwa akivuta gia ya 4x4, taa inawaka kwenye dashibodi, propela (shafti inayopeleka nguvu) ya mbele inazunguka, lakini magurudumu ya mbele hayajaunganishwa na kitu. Matairi yote manne vipara. La nyuma kushoto lilikuwa na tarakimu 2311 ubavuni, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Nikafungua nati ya difu ya mbele, oili ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Maji yalishaingia zamani na hakuna aliyewahi kutazama. Mtu huyo alinunua 4x4 kwa bei ya 4x4, akailisha mafuta ya 4x4, na muda wote alikuwa anaendesha 4x2 yenye matairi mabovu.

Hela aliyoongeza ili apate 4x4 ingetosha kununua seti nzima ya matairi mapya ya kashata kubwa, minyororo ya kufunga kwenye matairi ya nyuma tope likizidi, pampu ndogo ya upepo na koleo. Huo ndio ushauri wangu kwa kila anayenisikiliza: matairi kwanza. Njiani kwenye mchanga punguza upepo mpaka psi 18 au 20, tairi itanyooka na kukanyaga eneo kubwa zaidi. Ukitoka, jaza tena kabla hujaongeza mwendo au kupakia mzigo. Mbinu hiyo inafanya kazi kwenye 4x2 na 4x4 sawasawa, na haina gharama.

Jambo lingine ambalo wanunuzi hawalifikirii ni uzito. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na nyuma ndiko inakosukuma. Ndiyo sababu unaiona 4x2 inahangaika asubuhi ikienda shambani bila kitu, kisha jioni inapita pale pale ikiwa na magunia ya viazi. Ukienda tupu wakati wa mvua, weka mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, si kule mwisho kwenye mlango wa bodi, na uifunge isitembee.

Wazee waliotulia wanalijua hili. Peugeot 404 na 504 za pikapu, zilizobeba mazao Afrika Mashariki miaka ya 1970 na 1980, karibu zote zilivuta nyuma tu. Hilux yenyewe ilitoka mwaka 1968, na toleo la 4x4 halikuonekana mpaka 1979. Leo hii simama stendi yoyote ya mkoani utazame Noah zinazopeleka abiria vijijini: nyingi zinavuta magurudumu mawili, ziko chini, na zinafika kwa sababu dereva anaijua njia na anajua siku ya kutokwenda.

Siku ya kutokwenda ni muhimu. Mwenye shamba ajiulize ni sehemu gani mbaya kuliko zote katika njia yake, inakuwa mbaya kwa siku ngapi kwa mwaka, na siku hizo je, anaweza kusubiri mpaka kesho saa sita jua likiwa limekausha juu? Parachichi halivunwi usiku wa mvua. Kama kuna kilima kimoja kinachokusumbua, malori mawili ya kokoto na mtaro uliochimbwa vizuri vitakusaidia wewe na majirani kuliko difu ya mbele.

Wapo wanaohitaji 4x4 kweli, na hao siwapunguzii hata kidogo. Gari ya zahanati inayochukua mama mjamzito usiku haiwezi kusubiri jua. Anayetoa mbao msituni kwenye miteremko ya Ludewa au Makete, anayevuta tela kwenye utelezi, anayevuka mito mara kwa mara, huyo anunue 4x4 na asiombe radhi. Kwa huyo faida kubwa iko kwenye L4, ile gia nzito ya mwendo wa polepole, kuliko watu wanavyodhani. L4 kwenye Hilux inaongeza nguvu kwenye magurudumu kama mara 2.5 na kupunguza mwendo kwa kiasi hicho hicho. Ukishuka mlima wa mfinyanzi ukiwa na gia ya kwanza ya L4, injini inashikilia magurudumu yote manne na unashuka polepole bila kugusa breki. Hilo 4x2 haina, na difuloki hailileti. Mteja akiniambia mteremko ndio unaomtisha, nabadilisha ushauri wangu mara moja.

"Mvua ikinyesha weka 4x4, hata kwenye lami"

Usiweke. Pikapu nyingi zinazouzwa kwetu zina 4x4 ya kuweka na kutoa, na transfa yake, sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, haina difu ya katikati. Ukiweka H4, yaani 4x4 ya mwendo wa kawaida, propela ya mbele na ya nyuma zinalazimika kuzunguka sawa. Lakini kwenye kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tairi linateleza kidogo na tofauti inaisha. Kwenye lami halitelezi, hata ikiwa na maji kidogo, basi mkazo wote unaingia kwenye transfa, propela na sivi jointi (viungo vya shafti za magurudumu ya mbele). Dalili zake ni usukani mzito, gari inajivuta kama imeshikwa nyuma, na gia inagoma kurudi H2 (magurudumu mawili). Ikigoma, usiilazimishe. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, itaachia.

Kufunga matairi ya saizi tofauti mbele na nyuma kunaleta ugonjwa huo huo hata ukiwa unakwenda moja kwa moja. Wanaopenda kuweka matairi mawili mapya nyuma na kuacha vipara mbele walijue hilo.

Kuna magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya 4x4 ya lami: Mitsubishi L200 zenye mfumo wa Super Select zina difu ya katikati, Volkswagen Amarok nyingi za otomatiki zinavuta yote manne muda wote. Soma kitabu cha gari yako. Jirani aliyekwambia "mimi naweka kila siku na haijafa" pengine ana gari ya aina hiyo, au bado haijafa tu.

"4x4 inashika breki vizuri"

Gari yoyote ina breki kwenye magurudumu manne. Ukikanyaga breki kwenye utelezi, kinachokusimamisha ni matairi na uzito, na 4x4 ni nzito kuliko ndugu yake wa 4x2. Hatari iko hapa: 4x4 inakuondoa upesi mahali ambapo 4x2 ingekukatalia na kukuonya. Unafika kwenye kona ukiwa na mwendo ambao ardhi haiwezi kuushika. Wengi ninaowaona wamelala mtaroni msimu wa mvua wana 4x4.

"Nisipoitumia haitachakaa"

Inachakaa kwa kukaa. Oili inabaki chini, meno ya juu yanakauka, habu zinashika kutu, mota inayounganisha difu ya mbele inaganda, na siku unayoihitaji haikubali. Vitabu vya Toyota kadhaa vinashauri uendeshe ukiwa kwenye 4x4 angalau kilomita 16 kila mwezi. Fanya hivyo kwenye vumbi au kokoto, si lamini. Oili ya transfa na ya difu ya mbele zina muda wake wa kubadilishwa, na ukivuka maji yaliyofika kwenye habu, zikague wiki hiyo hiyo. Buti za mpira za sivi jointi zikipasuka, mchanga unaingia na jointi inakufa. Usipokuwa tayari kwa matunzo hayo, 4x4 itakuwa mzigo tu unaotembea nao.

"4x4 inauzika upesi"

Hili ni kweli, na bei yake inasimama zaidi. Lakini uliilipia zaidi pia, na anayeinunua kwako akija na fundi anayejua kazi yake, mbele isiyovuta itashusha bei kuliko ulivyotarajia.

Ukishaamua kwamba unaihitaji, ipime kabla ya kulipa. Usiridhike na taa ya dashibodi. Weka gari pazuri, palipo tambarare, uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe. Kama ina habu za mkono, zigeuze zote mbili LOCK. Washa, weka H4, subiri taa iwake, kisha zima injini na uache gia ya kwanza ikiwa ndani. Ya otomatiki iache kwenye P. Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, lile jingine libaki chini, na usiingie chini ya gari. Lishike kwa mikono miwili ulizungushe. Mfumo ukiwa mzima litacheza kidogo tu na kugoma. Likizunguka lote, mbele haivuti, na pikapu hiyo uinunue kwa bei ya 4x2 au uiache.