Je, wajua kwa nini kaa mchafu ndiye mwenye nyama?

Kaa wanaofika Moshi na basi kutoka Tanga huwa wamefungwa magando kwa kamba, wamepangwa kwenye boksi la barafu. Ukiwapima wawili wenye upana mmoja, unaweza kukuta mmoja anamzidi mwenzake uzito kwa mbali. Mnunuzi asiyemzoea mnyama huyu humchagua msafi, mwenye tumbo jeupe na gamba linalong'aa. Nyumbani anamchemsha, anavunja gando, yanamwagika maji na uzi wa nyama usiojaza kijiko. Lawama zinamwendea muuzaji, au barafu. Barafu haina kosa.

Gamba la kaa halikui. Mwili ukibanwa, kaa hulivua gamba zima, la miguu na magando pia, hata ngozi inayofunika macho. Kabla ya kutoka, hurudisha mwilini sehemu ya chokaa iliyomo kwenye gamba kuukuu. Misuli ya gando nayo husinyaa, maana nyama yote ile nene lazima ipite kwenye kiungo chembamba. Akishatoka anakuwa laini kabisa, na hapo hunywa maji mengi ili avimbe kabla gamba jipya halijawa gumu. Kwa kaa wa buluu wa Marekani, upana unaweza kuongezeka robo hadi theluthi kwa kuvua gamba mara moja. Ni sawa na mzazi anayemnunulia mtoto wa kidato cha kwanza sare inayomfunika vidole, ili aikulie. Gamba hukomaa kwa siku chache tu, lakini nyama huchukua wiki kadhaa kulijaza. Ukimnunua kaa katika wiki hizo, umenunua sare.

Ndiyo maana huko Maryland, Marekani, watu wanaovua kaa kwa kujifurahisha, yaani kwa kula nyumbani na si kuuza, huusubiri mwisho wa msimu kwa hamu. Wanavua kwenye mito kama Choptank na Patuxent, inayoingia kwenye ghuba ya Chesapeake na kujaa na kupwa pamoja na bahari. Chambo chao kikubwa ni shingo za kuku, ambazo kwetu zingeishia kwenye supu: wanaifunga shingo kwenye kamba, wanaizamisha, na kamba ikianza kuvutwa wanaipandisha taratibu sana, halafu wanamkinga kaa kwa wavu mdogo wenye mpini kabla hajaona mwanga na kuachia.

Kiangazi chao, Juni hadi Agosti, maji ni ya moto na kaa huvua magamba mara kwa mara, hivyo wengi ni wepesi. Kuanzia Septemba maji hupoa, kuvua gamba kunapungua, lakini kula hakupungui. Kaa anajaza gamba alilonalo na kuweka akiba ya mafuta, kwa sababu maji yakishuka chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi, atajifukia kwenye tope na kukaa humo majira yote ya baridi. Mvuvi wa Oktoba anampata akiwa ameshiba na bado hajalala. Tena majike wakati huo huteremka kuelekea maji yenye chumvi zaidi karibu na mdomo wa ghuba, na madume wakubwa hubaki juu mitoni. Hilo linamfaa mvuvi, kwani sheria ya Maryland haimruhusu mvuvi wa kujifurahisha kubaki na jike mwenye gamba gumu.

Sasa turudi kwetu. Maji ya Karanga na Weruweru, yanayopita hapa Moshi, huingia Kikuletwa, yakakutana na Ruvu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yakateremka kama mto Pangani kupitia Korogwe na Hale hadi Bahari ya Hindi. Kule mwisho, kwenye mikoko, maji ya bahari hupanda mtoni na kushuka kila siku, na ndiko anakoishi kaa koko, mkubwa na mwenye magando ya kutisha. Maji yakipwa, wavuvi humtoa shimoni kwa chuma kilichopindwa ncha, au humtegea madema.

Tofauti ni kwamba Pangani haina baridi ya kumlaza kaa. Anavua gamba wakati wowote wa mwaka, kwa hiyo hakuna mwezi utakaokuhakikishia kaa mzito. Masika huwasukuma wengi kuelekea mdomoni mwa mto, na majike huenda baharini kuangua, lakini dume mtupu na dume aliyejaa wanaweza kutoka kwenye dema moja siku moja. Wajanja wa pwani wamepata biashara hapo: unenepeshaji. Kaa mwepesi huwekwa kwenye kizimba mikokoni, analishwa mabaki ya samaki kwa wiki chache, kisha anauzwa akiwa na nyama. Kazi ambayo Oktoba ya Maryland huifanya bure, huku hufanywa na mtu mwenye ndoo.

Kwa anayenunua huku bara, jicho lianze na uchafu. Gamba lenye madoa ya kutu, mikwaruzo na vijidudu vya baharini vyenye magamba kama vijikombe vilivyong'ang'ania limekaa mwilini muda mrefu. Meno ya gando yaliyolika ni dalili nzuri pia. Kisha mgeuze, umbonyeze kwa kidole gumba upande wa chini, karibu na mashina ya miguu. Pakibonyea, mrudishe. Pakiwa pagumu kama ilivyo mgongoni, mpeleke kwenye mizani. Muuzaji akikukatalia kumshika, mwombe ambonyeze yeye mwenyewe huku unaangalia.