Kwodi ya michezo si fo-wili

Pitia matangazo ya vyombo vya moto, utakuta karibu kila kwodi, yaani ATV, imebatizwa "sport", ya michezo. Ina keria mbele na nyuma: sport. Ya mtoto, cc 110, otomatiki, plastiki nyekundu: sport. Halafu muuzaji anamalizia kwa majigambo, "ni 4x4, sport kabisa". Hapo ndipo ninapochoka, kwa sababu sifa hizo mbili, michezo na fo-wili (4x4, injini kusukuma magurudumu yote manne), ni nadra sana kukaa kwenye chombo kimoja.

ATV ni chombo cha magurudumu manne chenye tairi pana za upepo mdogo, siti ya kupanda kama pikipiki na hendeli. Ya michezo ni ile iliyoundwa kukimbia njia za porini, mchanga na matuta, kwa starehe au mashindano; ya kazi ni ile ya kubeba na kuvuta. Vile vyenye usukani wa mviringo, mikanda na viti vya ubavu kwa ubavu ni ukoo mwingine, tuviache.

Maana imeisha. Kinachowachanganya watu ni hesabu ya magurudumu. Wakiona manne wanadhani injini inayasukuma yote manne. Chukua Yamaha Raptor 700, iliyotoka mwaka 2006: silinda moja, cc 686, klachi ya mkono, gia tano za mguu na rivasi, na nguvu yote inakwenda nyuma kwa mnyororo kama bodaboda. Magurudumu ya mbele kazi yake ni kuongoza na kufunga breki. Ndivyo ilivyo Yamaha YFZ450 ya 2004, ndivyo ilivyokuwa Honda TRX400EX ya 1999, na ndivyo walivyokuwa wazee wao: Suzuki LT250R ya 1985, na Yamaha Banshee ya 1987 yenye silinda mbili za tuu-stroki, ambayo mpaka leo kuna watu wanaitafuta kwa udi na uvumba.

Sasa inama nyuma ya Raptor uangalie. Difu huioni. Kuna ekseli moja iliyonyooka kutoka gurudumu hadi gurudumu, na juu yake sproketi na diski ya breki. Gari likikata kona, gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoliruhusu kuzunguka zaidi ya mwenzake. Hapa ruhusa hiyo haipo. Tairi mbili za nyuma huzunguka sawasawa, zipende zisipende, kama maksai wa nira moja. Ndiyo maana mtu akiigeuza polepole kwenye lami anaiona nzito, inang'ang'ania kwenda mbele, naye anarudi akisema hendeli ni mbovu.

Hendeli ni nzima. Chombo hiki kimetengenezwa kigeuke kwa kuteleza. Kwenye udongo au mchanga, dereva huegemeza mwili upande wa ndani wa kona, anaelemea mbele, anaongeza mafuta; mkia unaserereka nje na pua inaingia pale anapotaka. Ungeweka difu ya kawaida, gurudumu la ndani, ambalo kwenye kona hupungukiwa na uzito, lingekula nguvu yote na kuzunguka bure. Na ukisukuma magurudumu ya mbele pia, unaongeza mashafti, difu na kilo, mahali ambapo wepesi ndio mtaji. Kwa hiyo asiyeona fo-wili asiseme mtengenezaji kabana matumizi.

Lipo na hili la urefu. Watu huamini ya michezo lazima iwe juu kuliko ya kazi. Pima. Raptor 700R ina kama sentimeta 11 tu kati ya ardhi na sehemu yake ya chini kabisa, nyuma kwenye ekseli. Kwodi ya kazi ya ukubwa wa Yamaha Grizzly ina zaidi ya mara mbili ya hizo. Anachokilipia mtu kwenye ya michezo ni shokamzoba: gurudumu la mbele la Raptor 700R hupanda na kushuka kama sentimeta 23, nyuma zaidi kidogo, ili ikiruka tuta itue bila kumvunja mtu kiuno. Magogo na mawe makubwa waachie wenye winchi.

Upana nao una sababu. Kwenye misitu ya serikali ya Marekani, njia nyingi za ATV zimewekewa kikomo cha inchi 50, yaani sentimeta 127. Raptor ina inchi 46 na YFZ450R inakaribia 49, zote zinapita. Ukipanua ekseli ili isipinduke kirahisi kwenye mashindano, unaweza kujikuta getini huruhusiwi kuingia.

Ubishi wa haki upo mmoja: Can-Am Renegade, iliyokuja na modeli za 2007. Haina keria, ina sura ya kukimbia na injini kubwa ya silinda mbili, lakini ni otomatiki ya mkanda na inasukuma magurudumu yote manne. Wanaoijua huiweka katikati, nusu michezo nusu kazi, na mimi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na anayeifanya hiyo moja kuwa kanuni, akaja kuiita Raptor "sport isiyokamilika".

Nikiwa hapohapo, na siti. Ya kwodi ya michezo ni ndefu, na kwenye fukwe zetu utaona vijana wawili wamejipanga juu yake, wa nyuma kamshika wa mbele kiuno. Jamani, urefu ule ni wa dereva mmoja: arudi nyuma kwenye mteremko, asogee mbele kwenye kilima, ahamie pembeni kwenye kona. Abiria akikaa pale, dereva hana pa kuhamia, na kona niliyoieleza hapo juu haikatiki tena, inapindua. Hata mafuta huongezwa kwa kidole gumba badala ya kuzungusha mkono, ili mwili ukirushwa na matuta usije ukayafungua bila kutaka. Kwa hiyo ukimuuliza muuzaji "hii inabeba watu wangapi?" na akakujibu wawili, mwambie taratibu kwamba hiyo anayouza, kama kweli ni ya michezo, inabeba mmoja.